Nimeacha bima, naendesha rola kosta

Swali la kwanza ninaloulizwa si kwa nini niliacha kazi ya bima. Watu wanataka kujua kama napanda bure rola kosta ninayoiendesha sasa, ile treni ya kuchezea inayopanda na kuteremka kwa kasi kwenye reli. Ndiyo, naruhusiwa kupanda bure, na sipandi. Nilipanda wakati wa mafunzo kwa sababu mwendeshaji lazima ajue abiria anahisi nini kwenye kila kona, na baada ya hapo nikaona inatosha. Mgongo nao una lake la kusema.

Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole: "Kwani walikupunguza?" Hawakunipunguza. Niliandika barua mwenyewe, nikakabidhi majalada, nikaagwa kwa hotuba ndefu ya mkurugenzi aliyekitaja cheo changu sivyo mara mbili, nikaenda zangu. Miezi michache baadaye nilikuwa nimevaa sare na kofia yenye nembo ya bustani ya burudani, nikiwaambia watu wazima wavue miwani na waweke simu mfukoni.

Nilifanya kazi ya bima kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa upande wa madai. Afisa wa madai hufika mambo yakiwa yameshaharibika. Gari limeshapinduka, ghala limeshaungua, mkono umeshakatwa na mashine. Anachoona ni jalada: picha, ripoti ya polisi, cheti cha daktari, maelezo ya mashahidi wawili wasiokubaliana hata rangi ya gari. Kazi yake ni kusema hasara ni kiasi gani na nani ailipe. Wengi hudhani kazi hiyo inamfanya mtu awe na moyo mgumu. Mimi ilinifundisha jambo jingine. Karibu kila ajali ina dakika yake ya kabla, na katika dakika hiyo kuna mtu aliyekuwa amesimama palepale, mwenye uwezo wa kusema "ngoja kwanza", naye hakusema. Mlinzi alisikia harufu ya waya unaoungua akadhani jirani anachoma taka. Msimamizi aliona kinga ya mashine imefunguliwa, akaacha kwa kuwa zamu ilikuwa inakaribia kwisha. Niliwasoma watu hao mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni niliwalaumu. Baadaye, na hili sikumwambia mtu ofisini, nikaanza kuwaonea wivu. Wao angalau walikuwa na nafasi. Mimi nilichokuwa nacho ni kikokotoo.

Bustani za burudani nilizijua kwanza kwenye makaratasi. Ukiukatia bima mtambo wa kuchezea unaletewa kitabu chake chote: michoro, ratiba za ukaguzi, kila bolti na siku yake ya kukazwa. Wenzangu waliona ni mzigo. Mimi nilikuwa nakipeleka nyumbani.

Chukua ile sauti ya ta-ta-ta-ta inayosikika rola kosta ikipanda mlima wa kwanza. Watu wameanza kupiga kelele hapo hapo, wakidhani chuma kinalalamika. Sauti ile ni ya ulimi wa chuma ulio chini ya treni, unaodondokea kwenye meno yaliyopangwa kando ya mnyororo, jino baada ya jino. Mnyororo ukikatika, ulimi unashika jino la mwisho na treni haiendi kokote. Kinachowaogopesha ndicho kinachowashikilia. Kifaa hicho kinatokana na kazi ya mhandisi Mmarekani John Miller mwanzoni mwa karne ya 20, na ni yeye huyo aliyepata hataza, yaani haki ya mvumbuzi kisheria, mwaka 1919, ya magurudumu yanayokaa chini ya reli ili treni isiweze kuruka juu. Kabla yake rola kosta nyingi zilikuwa za upole kwa lazima. Ile ya LaMarcus Thompson iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884 ilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia bila haraka. Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, inafika kilomita 240 kwa saa. Sidhani kama binadamu wa sasa ni jasiri kuliko babu zake. Kilichokua ni ustadi wa kuzuia.

Breki ndizo zilizonimaliza kabisa. Mitambo mingi ya siku hizi hupunguzwa mwendo na sumaku: bapa la shaba au alumini chini ya treni linapita katikati ya sumaku, na mwendo wenyewe ndio unaozaa nguvu ya kuupunguza. Haihitaji umeme. Hata zile breki za kubana zimeundwa ili hewa ikiisha au umeme ukikatika zifunge, zisifunguke. Yaani kitu kikiharibika, kinaharibika kuelekea kusimama. Nilikaa na wazo hilo usiku kucha. Ofisini kwetu kila kitu kilikuwa kinaharibika kuelekea kuendelea.

Basi, tangazo la kazi lilipotoka, nikaomba. Kabla ya hapo nilipiga hesabu, na hili nalisema haraka kwa sababu kila mtu ana hesabu zake: madeni yalikuwa yamekwisha, watoto wanajitegemea, mafao yangu nilijua ni kiasi gani na yanatoka lini. Mshahara mpya ni sehemu ndogo ya ule wa zamani. Kazi hii mara nyingi hulipwa kwa saa, na katika bustani nyingi ni ya msimu, kwa hiyo kuna miezi ya kuingiza na miezi ya kutulia. Anayekuambia pesa si kitu ana pesa. Mimi nilikuwa nazo za kutosha kujaribu, basi.

Aliyenifundisha ni kijana anayelingana na mwanangu wa mwisho. Siku ya kwanza alisita kidogo ajue aniiteje, akaamua "mama", na akaendelea kunikosoa bila huruma, jambo ambalo nilimheshimu nalo. Nilikuwa napita kando ya treni nikitazama vyuma vya mapajani, kimoja kimoja, vyote vimeshuka. Akanisimamisha.

"Mama, umeangalia nini?"

"Vyuma. Vyote viko chini."

"Macho yameona viko chini. Sasa sukuma, halafu vuta."

Ukisukuma unahakikisha chuma kimefika mapajani. Ukivuta unahakikisha kimejifunga na hakirudi. Vitendo viwili, kila kiti, kila mzunguko. Kwenye treni ya viti 24 hiyo ni mara arobaini na nane mkono unakwenda na kurudi, na treni inayofuata imeshafika. Jioni ya siku zile za mwanzo mabega yalikuwa yanawaka moto. Miguu ndiyo usiseme. Saa nane za kusimama juu ya sakafu ya chuma zinakufundisha viatu ni kitu gani.

Kugumu zaidi, na ndiko kazi yenyewe iliko, ni kukitazama kiti cha kumi na saba cha mzunguko wa mia kama ulivyokitazama cha kwanza. Jicho likizoea linaacha kuona. Linapita juu ya chuma kilichoshuka nusu na kukuambia kimeshuka chote, kwa kuwa vingine vyote vimeshuka. Ndiyo maana tunabadilishana nafasi kila baada ya muda mfupi: geti, jukwaa, upande wa kushukia, meza ya vitufe, halafu unaanza tena. Mgeni anadhani tunapumzishana miguu. Tunapumzishana macho. Kwenye majalada yangu ya zamani nilikutana na yule mtu wa "nilikagua kama kawaida" mara nyingi mno, na kila mara nilidhani anadanganya. Siku hizi nadhani wengi wao walikuwa wakweli. Walikagua kama kawaida, na kawaida ilikuwa imekufa zamani.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwendeshaji anaijua kwa moyo. Treni ya watu 24 ikiondoka kila baada ya sekunde 60, kwa saa moja umepandisha watu 1,440. Ikiondoka kila baada ya sekunde 90, ni 960. Nusu dakika ya kuchelewa inawaacha watu 480 kwenye foleni kila saa, jua kali, watoto wanalia, na mkuu wa zamu anaangalia saa. Kwa hiyo shinikizo lipo, asikudanganye mtu. Kila sekunde unayoitumia kuvuta chuma unaiazima kwa mtu aliyesimama nyuma ya kamba.

Hapo ndipo nilipokuja kuiheshimu kampuni ya Disney kwa jambo ambalo halina uhusiano na yule panya wao wa katuni. Wafanyakazi wa bustani zao hufundishwa mambo manne kwa mpangilio: usalama, adabu, onyesho, kisha ufanisi. Mwaka 2021 wakaongeza la tano, ujumuishi. Orodha kama hiyo kila kampuni inayo ukutani, yetu ya bima ilikuwa na fremu ya dhahabu. Utamu uko kwenye mpangilio. Mambo mawili yakigongana, mfanyakazi wa chini kabisa anajua lipi linashinda bila kupiga simu kwa mtu. Ufanisi, ambao ndio unaoleta pesa, upo mkiani, na umewekwa mkiani kwa makusudi. Ofisini kwetu ukutani palikuwa na "mteja kwanza", na mwisho wa mwezi tulipimwa kwa idadi ya majalada tuliyofunga. Nilipima wafanyakazi wangu hivyo, na mkubwa wangu alinipima hivyo.

Wala sisemi Disney ni malaika. Siku Disneyland ilipofunguliwa, tarehe 17 Julai 1955, ilikuwa vurugu tupu. Watu waliingia kwa mialiko ya kughushi, lami mpya ililainika kwa joto hadi visigino vya akina mama vikazama, na mabomba mengi ya maji ya kunywa yalikuwa makavu kwa sababu ya mgomo wa mafundi. Huwa nawasimulia vijana wapya hadithi hiyo wakiwa wamevurugwa na Jumamosi yao ya kwanza. Inasaidia.

Ila kuna hadithi nyingine siwasimulii kwa kuchekesha. Rola kosta yenye treni zaidi ya moja hugawanywa vipande, na kanuni ni hii: kipande kimoja, treni moja. Ya nyuma haiingii mpaka ya mbele iwe imetoka. Utaratibu umeazimwa kwa reli za kawaida, na kompyuta ndiyo inayousimamia. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers huko Uingereza, treni tupu ya majaribio ya rola kosta iitwayo The Smiler ilishindwa kumaliza mzunguko ikakwama juu ya reli. Nyuma yake kulikuwa na treni yenye watu 16. Kompyuta ikaizuia, kama inavyotakiwa: mbele si kweupe. Mafundi, wasijue kuna treni imekwama, wakaamini mfumo ndio uliokosea, wakakipuuza kizuizi chake. Treni ikaachiwa, ikagonga. Wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja, na wengine wakaumia vibaya. Mwaka uliofuata mahakama ikaitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Wachunguzi hawakuridhika na kusema mafundi walikosea. Walisema kampuni haikuwa na utaratibu madhubuti wa kufuatwa pale mambo yanapokwama.

Nilipoisoma habari ile nilikuwa bado kwenye bima, na niliisoma kama afisa wa madai: dhima, fidia, akiba ya kutenga. Nikiisoma leo naona chumba cha mafundi. Naona foleni nje, mtambo umesimama, taa inawaka, na mtu mwenye uzoefu wa miaka anasema "hii sensa hii", akikilaumu kifaa kinachohisi treni iko wapi. Nilishafanya kazi na watu werevu sana waliosema "hii sensa hii" kuhusu kila kitu kilichowachelewesha. Kwenye meza yetu ya vitufe taa ikikataa, hatubishani nayo. Mtu anatoka, anapanda ngazi, anaangalia reli kwa macho yake, anarudi. Wageni wanazomea, tunawaomba radhi.

Kuzomewa ni sehemu ya kazi, na hapa nieleze kuhusu ubao wa kupimia urefu, kwa sababu nusu ya ugomvi wetu unatokea hapo. Wazazi huuchukulia kama mtihani wa ushujaa. Sio. Chuma cha mapajani kimeundwa kwa kiwiliwili cha kiasi fulani. Chini ya hapo nyonga hazijazi nafasi na mtoto anaweza kuchomoka, awe jasiri kama simba au asiwe. Juzi alikuja baba na binti yake. Mtoto alikuwa amefungwa nywele fundo juu kabisa ya utosi, na ndani ya viatu vilikuwamo vipande vya kadibodi. Niliviona vikichungulia kisiginoni. Bila fundo na bila kadibodi alipungua kama sentimita mbili.

"Mama, sentimita mbili tu jamani," baba akasema. "Mwache apande. Likitokea lolote, lawama nabeba mimi."

Sentensi hiyo naijua. Nimeisoma ikiwa imechapwa kwa mashine, imepigwa mhuri, imesainiwa na wakili. Haijawahi kumrudishia mtu chochote. Sikumwambia hivyo, bila shaka. Mzazi mwenye hasira hana haja ya somo la dhima. Nilichuchumaa nikaongea na mtoto, maana yule kijana alinifundisha kwamba mwenye habari ni mtoto, baba ni msikilizaji. Nikamwambia mtambo huu umemsubiri mwaka huu na utamsubiri na mwakani, nikamwonyesha alama yake kwenye ubao aikariri, nikamtajia mtambo mwingine ambao urefu wake unaruhusu na ambao, kwa siri, una mteremko mkali kuliko unavyoonekana. Akauliza kama nasema kweli. Nikamwambia nimeupanda, nikapiga kelele. Baba akaondoka amenuna. Mtoto akaondoka anakimbia.

Wala hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalowashangaza marafiki zangu wa zamani ninapojaribu kuwaeleza kazi yangu mpya. Wanangoja kisa. Siku nzuri kwangu ni siku ambayo maelfu ya watu wamepita mikononi mwangu na hakuna hata mmoja anayekumbuka sura yangu. Hakuna ripoti ya hasara isiyotokea. Huwezi kuiwekea jalada.

Kuhusu hadhi, ndiyo, inauma, na inauma mahali usipotarajia. Nilidhani nitaona haya kuamrishwa na vijana. La hasha, vijana hawa wanajua kazi kuliko mimi na wananielekeza kwa lugha safi. Kilichonigusa ni kutoulizwa. Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kuulizwa: simu inalia, "mama, hili unalionaje?" Sasa nikitoa maoni kuhusu mkataba wa mtambo watu wanacheka kwa upole na kunikumbusha nikafungue geti. Siku moja mtu niliyewahi kumfundisha kazi ofisini alipita mbele yangu kwenye jukwaa. Nikasukuma chuma chake, nikavuta, nikamtakia safari njema. Alikuwa ananitazama usoni na hakunitambua. Sare hufanya hivyo. Nilikasirika mpaka treni ikarudi, halafu zikaja nyuso nyingine ishirini na nne.

Na hizo nyuso, sitajifanya mgumu, ndizo zilizobaki kwenye hesabu upande wa faida. Jalada langu refu kuliko yote lilichukua miaka mpaka mdai akafariki kabla ya kulipwa. Hapa treni inaondoka ikiwa na watu walionyamaza, wengine wamefumba macho, na baada ya dakika mbili hivi inarudi na watu haohao nywele zimesimama, wanaongea wote kwa pamoja, wageni wasiojuana wameshikana mabega. Kazi imeanza, imekwisha, nimeuona mwisho wake kwa macho. Kisha inaanza nyingine. Sikujua kwamba nilikuwa na njaa ya kitu kidogo namna hiyo.

Wanaoniandikia wakitaka ushauri huwa nawajibu kwa kifupi: usiache kazi kwa sababu unapenda bustani za burudani. Ukipenda bustani, kata tiketi. Kule nyuma ya ukuta hakuna muziki, kuna mapipa, ratiba na grisi. Tafuta kwanza zamu za wikendi, simama jukwaani mvua inanyesha na nusu ya wageni wanataka warudishiwe pesa. Kama bado una hamu ya kusukuma na kuvuta, njoo.

Mwezi uliopita bosi wangu wa zamani alinipigia. Wameanza kukatia bima mitambo mingi ya burudani na hawana mtu anayeielewa. Nije niwe mshauri, mikutano ni Jumamosi asubuhi, malipo ni mazuri kweli. Nikamwambia anitumie vitabu vya mitambo, nitavisoma jioni na kuwaandikia ninachokiona. Jumamosi siwezi. Zamu yangu inaanza saa moja, treni namba mbili imetoka kufungwa magurudumu mapya, na lazima izungushwe tupu mara kadhaa kabla hatujafungua geti.